Kandeke ka Viti Viwili

Watu wa Kalembe wana maneno! Walisema Zéphyrin alijenga kandeke kake, ndege ndogo ya kujiundia, kwa kukosa kazi, eti mwanaume mwenye akili anafuga ng'ombe. Lakini kila Jumapili kisha misa, injini ikilia tu, hao hao walikimbilia uwanja wa mpira, shingo juu, midomo wazi. Mbele alikaa Zéphyrin. Nyuma alikaa Godelieve, mke wake, wala si kama mzigo: bwana alimfundisha kuongoza, na mara nyingi yeye njo alikashusha. Hawakuwa na safari. Waliruka kwa raha yao, wakazunguka juu ya mashamba ya maharagi, wakarudi kula bugali.

Sasa Zéphyrin amekufa kwa homa, na Godelieve anakaa chini. Njo desturi: mjane haketi juu ya kiti mpaka ukoo wa bwana utoshe matanga, yaani umtoe katika kilio, na anayekaa chini hana neno juu ya mali. Hubert, ndugu ya marehemu, alijua hivyo vizuri sana! Siku ya kutosha matanga aliisogeza kila mara: leo pombe haijaiva, kesho wajomba hawajafika. Kumbe alishapatana na mchuuzi wa Hombo aje avunje kandeke, injini ikafungwe kwenye mashini ya kusaga muhogo.

Muhogo! Godelieve aliposikia, hasira ilimpanda. Kandeke kale njo kitu pekee walichofanya yeye na bwana wake bila kuomba mtu ruhusa.

Asubuhi mchuuzi alipofika na spana zake, Godelieve aliinuka mkekani, akapangusa kitenge, akawapita wote mpaka uwanjani. Mafuta yalikuwa yamebaki. Akapanda kiti cha mbele, akakaa.

"Yesu Maria!" wamama wakapiga kelele. "Amekaa juu ya kiti!"

"Nimekaa," akasema Godelieve. "Muniangalie vizuri."

Hubert akaja mbio, akasimama mbele ya kandeke, mikono wazi. "Shemeji, shuka! Unataka laana imalize ukoo? Nani amekutosha matanga?"

Nyuma yake alikuja pole pole mama mkwe, Mama Joséphine-Marie, na fimbo yake. Godelieve akamwona. Huyu akisema shuka, atashuka. Kumvunjia heshima mama ya Zéphyrin hakuweza.

"Mimi njo nimemutosha," akasema mama.

"Mama, desturi..."

"Baba yenu alipokufa, nilikaa chini mpaka ndugu zake wakamaliza kugawana ngombe. Hakuna mutoto wangu hata mumoja aliniuliza kama mugongo inaniuma. Ile haikukuwa desturi, Hubert. Ilikuwa njaa yao. Na hii iko njaa yako."

Akatupa fimbo, akashika bomba la bawa, akajivuta mpaka kiti cha nyuma. Godelieve akageuka kumfunga mkanda.

"Tunaenda kwetu Kibua, kwa wazazi wangu, Mama. Hauogopi?"

"Naogopa sana. Washa."

Injini ikalia. Hubert alimtazama mama yake, mama yake akamtazama, na mtoto gani anamfungia mama yake njia mbele ya Kalembe nzima? Akasogea pembeni.

Kandeke kakatimka, kakaacha majani. Godelieve akalia hapo juu ya msitu, akalia kwa sauti yote, na wote wa kumwambia mjane analia namna gani walibaki chini Kalembe.