Machenza ya Bibi Lorna

Lorna Hoekstra alikuwa na wivu, na tuseme mapema tusije tukazungushana. Haukuwa wivu wa mume, maana wa kwake alikuwa ndani anatazama mpira na hakuna aliyekuwa akimtaka. Ulikuwa wivu wa mjukuu. Na aliyeonewa wivu huo ni Trudy Baumgart, bibi wa upande wa pili, mama mzazi wa mkwewe Lorna, aliyehamia mtaa huohuo wakati wa kiangazi na kununua nyumba ya ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango.

Tangu Hattie, mjukuu huyo, aanze kutembea, mlango wake wa kwanza siku ya Halowini, jioni ya watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kudai pipi nyumba kwa nyumba, ulikuwa wa Bibi Lorna. King'ora cha zimamoto kinapolia saa kumi na mbili jioni kuwaruhusu watoto waanze kugonga milango, yeye huwa yuko barazani tayari, kidole juu ya kengele, anamsubiri Bibi afungue ili amtishe kwa kelele zile za kudai pipi au vituko. Renee, mama wa Hattie na binti wa Lorna, huwapiga picha. Mlango wa friji ya Lorna umejaa picha hizo: Hattie akiwa boga, Hattie akiwa bata, Hattie akiwa rubani aliyeng'oka meno ya mbele.

Mwaka huu theluji ilipoyeyuka, Hattie aliugua ghafla na ikagundulika ana kisukari. Tangu hapo kila kinachoingia mdomoni mwake hupigiwa hesabu, kisha sindano. Lorna alilia wiki nzima, halafu akafuta machozi na kuamua jambo. Nyumba yake haitatoa pipi tena. Kila mtoto atakayegonga atapewa kilekile atakachopewa Hattie, ili mjukuu wake asisimame barazani kwa bibi yake mwenyewe akajiona mtu wa ajabu.

Akanunua machenza, akakaa mezani tangu asubuhi akiyachora nyuso kwa kalamu nyeusi: macho ya pembe tatu, pua, na mdomo wa meno yaliyopishana. Akafunga bisi kwenye vifuko. Akapanga penseli za rangi na bangili za plastiki zinazong'aa gizani. Chenza nalo lina hesabu yake, Renee alishamweleza, ila penseli na bangili hazidai sindano.

Alasiri Trudy alivuka barabara kuja kuazima ngazi. Alikuwa na tabia ya kuazima vitu na kuvirudisha vikiwa safi kuliko alivyovikuta, na hilo nalo lilimkera Lorna.

"Mkwe, unatoa nini mwaka huu?"

"Machenza."

"Machenza?" Trudy alilitazama bakuli. "Haya. Mimi nimenunua chokoleti, zile ndefu, nzimanzima. Si unajua mimi mgeni hapa, nataka watoto wanijue."

"Watakujua tu."

"Ila usiwe na wasiwasi, Hattie nimemwekea shanga zake pembeni. Na yale mabawa ya nyuki nimemaliza jana. Ukimwona mwenyewe utacheka."

Lorna hakucheka. Miaka yote mavazi ya Halowini alikuwa akinunua yeye. Mwaka huu Hattie alitaka kuwa nyuki, Trudy akasema yeye ana cherehani, na habari ikaishia hapo. Sasa kumbe na shanga amezifikiria. Kama angekuwa mjinga Lorna angemsamehe, lakini mwanamke huyu alikuwa na akili, mkono wa kushona, na chokoleti.

"Ngazi iko gereji," alisema. "Jichukulie."

King'ora kikalia. Lorna alikuwa amesimama nyuma ya mlango, nywele zimechanwa, taa ya barazani imewashwa. Kengele ikalia papohapo, akafungua akitabasamu kwa meno yote. Alikuwa mtoto mmoja asiyemjua, mrefu, aliyevalia kama mifupa, na koti la baridi juu ya mbavu zake.

"Pipi au vituko."

Lorna alimwekea chenza mkononi. Mifupa akaligeuzageuza.

"Hili ni tunda?"

"Nimelichora mwenyewe. Chagua na bangili."

"Uso wake mzuri," alisema yule mifupa kwa adabu, kwani alikuwa amelelewa. Lakini alipofika chini kwenye njia, adabu ikamwishia. "Oya, msiende pale. Bibi anatoa matunda. Twendeni ng'ambo, yule mama mpya anatoa chokoleti nzima."

"Muongo wewe."

"Nakuapia. Nzima. Kaka yangu amepata."

Kundi zima likakata kona kwenye nyasi za Lorna na kuvuka barabara. Yule mifupa aliangusha chenza lake na hakurudi kuliokota. Lilibaki kwenye majani likimtazama Lorna kwa macho yaleyale aliyolichorea asubuhi.

Angeyameza yote hayo. Watoto wa watu hawakumnyima usingizi. Alikuwa akisubiri gari la Renee, na gari la Renee lilichelewa, na kila dakika iliyopita aliona foleni ya kwa Trudy ikirefuka na kumsikia Trudy akicheka kicheko chake cha kifuani.

Hatimaye gari likaja. Lilisimama ng'ambo. Nyuki mdogo wa manjano akashuka, bawa moja limening'inia mgongoni, akakimbia moja kwa moja hadi kwa Trudy, akaipita foleni nzima na kuingia ndani. Renee akafuata. Mlango ukafungwa.

Basi ndiyo hivyo. Mtoto amelelewa miaka yote hii, amebebwa akiwa na homa, amefundishwa kuendesha baiskeli kwenye barabara hii hii, kisha anakuja mtu na chokoleti na cherehani, na mlango wa kwanza unahama. Alimchukia Trudy waziwazi, na kwa sekunde moja ya aibu alimchukia na mtoto.

"Haya," alisema. "Kaeni naye."

Akazima taa ya barazani.

"Mbona umezima?" Gil, mumewe, aliuliza kutoka kwenye kochi. "Vimeisha?"

"Vimeisha."

"Bakuli naliona limejaa."

"Tazama mpira wako, Gil."

Akabaki amesimama gizani nyuma ya mlango, mikono kifuani, akijihurumia kwa raha zote. Hakukaa sana. Alisikia nyayo kwenye njia yake, nyayo za watu watatu, na sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Bibi Trudy, bawa halitatoka tena?"

"Limekaa hilo. Waya ulikuwa umechomoka tu, nimeuzungushia uzi."

"Ungechukua chokoleti angalau moja ya mama, basi," Renee alisema, akicheka.

"Sichukui. Nimesema mlango wa kwanza ni wa Bibi Lorna. Bibi Trudy nimemwambia vya kwake baadaye, na amekubali." Nyayo zikasimama. "Mama. Taa imezimwa."

Lorna akajibana ukutani.

"Gonga tu, mpenzi," Trudy alisema. "Ni bibi yako."

"Hapana. Taa ikizimwa hatugongi."

"Lakini huyu—"

"Hata kama unamjua mwenye nyumba. Hata kama unampenda. Bibi Lorna ndiye kaniambia. Pengine anaumwa, au amechoka na watu."

Ni kweli alimwambia, maneno hayohayo, mwaka ule Hattie alipokuwa bata na kuugonga mlango wa jirani aliyetoka kufiwa. Alimshika mikono miwili akamwambia, na mtoto akashika. Sasa swichi ilikuwa karibu na bega la Lorna. Kuibonyeza kulikuwa kazi ya kidole kimoja. Lakini akiibonyeza wataona alikuwa hapo hapo, gizani, mzima wa afya, amenuna. Trudy ataona. Kidole kiligoma.

"Twende kwa Mzee Fenske kwanza," Renee alisema taratibu. "Nitampigia bibi simu."

Nyayo zikaondoka. Hapo ndipo Lorna alipoipiga swichi kwa kiganja kizima na kuufungua mlango, akatoka barazani na soksi bila viatu, bakuli mkononi. Alikuwa amechelewa. Mzee Fenske, jirani wa pembeni, daktari wa meno mstaafu ambaye kila Halowini huwagawia watoto miswaki na ambaye hakuna mtoto aliyewahi kumtembelea kwa hiari, alikuwa amesimama mlangoni pake haamini macho yake. Nyuki alikuwa mbele yake. Simu ya Renee ikamulika. Picha ya mlango wa kwanza mwaka huu ilikuwa ya Hattie, Fenske na mswaki.

"Bibi!" Hattie aligeuka, akaja mbio kwenye nyasi, mabawa yakipigana. Hakuna bawa hata moja lililolegea, Trudy ameshona vizuri. "Taa yako ilikuwa imezimwa. Nimekuwekea mlango wa kwanza halafu taa ikazimwa."

Renee alikuja nyuma, akamtazama mama yake, akatazama bakuli lililojaa. Alianza kuelewa.

"Balbu," Lorna alisema. "Balbu ilikuwa inasumbua."

Trudy aliinua macho kwenye taa, iliyokuwa ikiwaka bila hata kupepesa, halafu akamtazama Lorna usoni, na Lorna akajua kwamba anajua kila kitu, tangu mwanzo hadi kwenye soksi.

"Balbu za siku hizi hazina maana," Trudy alisema. "Yangu ilinifanyia hivyohivyo juzi. Nitakuletea mpya pamoja na ngazi yako."

Hattie alikuwa ameshavaa bangili mbili na kuchagua chenza lenye meno mabaya kuliko yote. Alimshika Trudy mkono mmoja, Lorna mkono mwingine, akawa anawavuta wote wawili kuelekea ng'ambo kwenye shanga zake. Lorna alimtazama Trudy kwa pembeni. Alimwonea wivu wa mabawa, wa chokoleti, na sasa hata wa huo uongo mzuri aliomtetea nao, ambao yeye mwenyewe, wangebadilishana nafasi, asingeusema. Akavuka barabara na soksi zake.