Rangi Mbichi Haisemi Kweli

Usiku wa jana Subilaga aliota kwamba neno "nyeusi" limeinuka kwenye karatasi yake na kumwomba ruhusa ya kuondoka.

Subilaga ni mwandishi. Hapo Tukuyu wanamjua kwa hadithi zake za watoto zinazosomwa redioni. Mumewe, Gwamaka, walimjua kwa nyumba zao, maana alikuwa fundi rangi, na ni mitaa michache isiyo na ukuta aliopaka yeye. Gwamaka alifariki masika yaliyopita, kifua kikimbana siku chache tu. Kesho familia inaweka msalaba kaburini, na shemeji yake, Lugano, alikuwa amemwambia, "Shemeji, wewe ndiye mwenye kalamu. Tuandikie maneno machache ya kusoma pale makaburini." Wiki nzima aliandika na kuchana, akaandika na kuchana. Jana jioni alipata ukurasa mmoja. Hakuupenda, lakini aliuacha mezani akaenda kulala.

Ndotoni ni mchana. Yuko mezani, kalamu mkononi. Nyeusi amesimama juu ya mstari wa kwanza, pale palipoandikwa "siku nyeusi ilipotufika", anajikung'uta vumbi. Ni mzee mfupi, mwenye adabu.

"Mama, naomba kwenda," anasema. "Umekuwa ukinipeleka misibani tangu ulipojua kuandika. Nimechoka."

"Unakwenda wapi?"

"Ofisini. Wenzangu wameshatangulia."

Subilaga anautazama ukurasa. "Moyo mweupe" umebaki moyo tu. "Mapenzi mekundu" yamebaki mapenzi, nayo yameinama kidogo kama mgomba ulioondolewa nguzo. Anavaa viatu na kumfuata mzee.

Njia ni mstari ule ule wa karatasi, ila sasa una tope. Mashamba ya chai pande zote mbili hayana rangi yoyote, na wachumaji wanachuma kwa kupapasa.

"Kijani naye kaitwa," mzee anaeleza.

Ofisi ni chumba kimoja chenye viti vitatu. Viti hivyo ni vya Nyeusi Ti, Nyeupe Pe na Nyekundu Pyu, kwa kuwa wao ndio wenyeji wa lugha, na hubadili vazi kila wakutanapo na jina jipya. Mzee Nyeusi anaivua Ny- yake mlangoni na kuvaa Mw-, maana anazungumza na mtu, kisha anakaa. Rangi nyingine zimesimama kandokando ya ukuta, kila moja imeshika kile ilichotoka kwacho. Kijani ana jani. Kijivu ana konzi ya majivu. Chungwa ana chungwa lake, ameshalimenya.

Nyeupe Pe, mwanamke mwembamba, ndiye anayeanza.

"Umeandika kwamba mumeo alikuwa na moyo mweupe. Nimeingia kuangalia."

"Ukakuta nini?"

"Haukuwa mweupe. Kona moja ilikuwa na hasira ya shamba la baba yake lililouzwa. Kona nyingine ilikuwa na wimbo wa kwaya, nusu tu. Nusu ya pili hakuwahi kuijua. Katikati ulikuwa umekaa wewe, unamwambia anawe mikono."

Ni kweli alikuwa akimwambia anawe mikono.

"Na mimi umenitia kwenye mapenzi yenu," anasema Nyekundu Pyu. "Mama, mimi na ninyi tulikutana mara moja, alipojikata kidole akifungua kopo. Ukamfunga kitambaa. Sikukaa sana."

"Mimi nilimwona viatuni siku ya harusi," anasema Mzee Nyeusi. "Vilikuwa vya kuazima."

Chungwa anatafuna.

"Basi nimwandike kwa rangi gani?" anauliza Subilaga. "Kila nikikaa kuandika mnakuja ninyi. Siwaiti. Mnakuja wenyewe."

"Hatuji wenyewe," Nyeupe Pe anamjibu kwa upole. "Unatuita ili usimtazame."

Subilaga anageuka atoke, na mlango wa ofisi unafungukia sebuleni kwake.

Gwamaka yuko juu ya ngazi, amempa mgongo, anapaka ukuta. Amevaa ile suruali ya kazi ambayo Subilaga mwenyewe aliigawa baada ya matanga. Hilo halimshangazi. Kinachomsumbua ni kwamba mtu huyu hajala.

"Umekula?"

"Nikimaliza."

"Gwamaka, hiyo ni rangi gani?"

Gwamaka anachovya brashi. "Suba, hilo swali uliniuliza tulipohamia. Haina jina. Ni mabaki. Kidogo ya zahanati, kidogo ya shule, kidogo ya yule mwenye duka la mbolea, na ile ya kanisa iliyobaki chini ya kopo. Nilikoroga mpaka zikaacha kugombana."

"Mbona inaonekana kali hivyo?"

"Ni mbichi. Rangi mbichi haisemi kweli. Ngoja ikauke ndipo uijue." Anaburuta brashi polepole mpaka kwenye kona. "Na wewe unaniandika ningali mbichi. Ndiyo maana unachana."

"Utakauka lini?"

Gwamaka anawaza, kichwa upande, kama alivyokuwa akiwaza kila mteja alipomuuliza kazi itakwisha lini.

"Kwa mvua za hapa," anasema, "siwezi kukudanganya."

Subilaga anasogea amshike mguu. Ngazi inarefuka. Anasogea tena, nayo inarefuka tena, mpaka vile visigino vyenye matone ya rangi viko mbali kule juu, na dari haipo. Anaegemea ukuta asianguke. Ukuta ni wa baridi, na unanata.

Aliamka kumekucha kweupe, machozi yamemtiririka hadi masikioni. Hakuwasha jiko. Alikwenda mezani, akaukuta ule ukurasa na maneno yake yote yakiwa mahali pake. Akaugeuza, akaandika nyuma yake: Gwamaka aliipaka nyumba yetu kwa mabaki ya nyumba zenu. Wimbo aliujua nusu. Nilikuwa nikimwambia anawe mikono. Rangi yake bado siijui.

Hakuchana.

Baadaye mama mkwe wake alimpitia waende sokoni kununua mchele wa kesho. Mama yule hakulia siku ya maziko wala baada yake. Watu walilisema hilo, naye aliwaacha waseme. Aliingia, akasalimu, akasimama katikati ya sebule akinusa.

"Mwanangu, nani kaugusa ukuta?"

Karibu na dirisha, kwenye rangi iliyokauka miaka mingi iliyopita, palikuwa na alama ya kiganja na vidole vyote vitano. Chini ya kidole gumba rangi ilikuwa imechuruzika kidogo na kutengeneza tone ambalo halijaanguka.

Subilaga alijitazama mkono, kisha akautazama ukuta.

"Ni mimi, mama."

Mama mkwe aliitazama ile alama kwa muda mrefu.

"Kwani haijakauka?"

"Bado."

Mama mkwe akaweka kikapu chini. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaulaza ukutani kando ya alama ile, na hapo ndipo alipoanza kulia, taratibu, bila kuuondoa mkono.