Utulivu wa Shemeji

Mpira wangu wa gofu ulikuwa umelala karibu na shimo, karibu kiasi kwamba hata kuku angeudonoa ungeingia, na shemeji yangu alikuwa amenyamaza.

Nikamtazama. Alikuwa anafuta fimbo yake kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayefuta vyombo nyumbani kwake.

Tulikuwa shimo la mwisho, sare. Yeye alikwisha kulimaliza. Nikiuingiza ule mpira, nimeshinda. Nikiukosa, tunaongezewa shimo jingine, na nilijua huko sifiki mzima. Sote wawili tulikuwa wafanyakazi wa klabu: mimi nikitengeneza fimbo za wanachama, yeye akiendesha mashine ya kukata majani. Mwalimu wa gofu alikuwa amestaafu, na kamati iliamua kwamba kati yetu, mshindi wa mechi ndiye atakayeshika nafasi yake.

Nafasi ile nilikuwa nimeisomea. Kila nikitoka kazini nilikwenda masomo ya jioni, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka nikaweza kusoma vitabu vya mchezo na kujua namna ya kuvuta pumzi kabla ya kupiga. Utulivu wangu niliupata kwa jasho. Yeye alizaliwa nao. Watu walimwita Maji ya Mtungi, na kila walipomwita hivyo nilihisi nimekanyaga msumari.

Siku alipomuoa dada yangu, gari liliwaharibikia njiani. Bwana harusi akashuka, akakunja suruali, akalisukuma huku anaimba. Dada hachoki kuisimulia. Mimi siku ya harusi yangu nilimfokea fundi viatu, na hiyo nayo hachoki kuisimulia.

Sasa, mechi ya shimo kwa shimo ina ustaarabu wake. Mpira wa mwenzako ukibaki karibu sana, unaweza kumwambia "chukua". Anauokota, unahesabiwa umeingia. Tangu asubuhi shemeji alikuwa ananigawia. "Chukua, shem." "Chukua bwana, tusije tukazeekea hapa." Nami nikachukua, nikijiona nimeheshimiwa. Sikutambua kwamba mikono yangu haikuwa imesukuma mpira wa karibu hata mmoja. Pale pa mwisho ndipo alipofunga mdomo.

"Vipi?" nikauliza.

"Vipi nini, shem?" akasema kwa upole. "Si hapo tu? Piga."

Watu wakacheka. Dada yangu, aliyesimama pembeni, akapaza sauti: "Jamani, mmoja ashinde, mwingine anune, twendeni tukale!"

Nikainama. Vitabu vyote vikanitoka kichwani. Hata kuvuta pumzi nikasahau. Kilichobaki ni wivu, wivu mtupu, unaowasha kama pilipili jichoni. Mtu anitege namna ile, na riziki yake iko palepale kwenye majani pamoja na yangu, halafu asitokwe hata na tone la jasho!

Nikapiga.

Mpira ukafika kwenye mdomo wa shimo, ukauzunguka kama paka anayetafuta pa kulala, ukatumbukia.

Makelele. Mwenyekiti wa kamati akanishika bega, akawatangazia watu, "Mmeona? Huyu bwana hana damu, ana barafu!" Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea kusifiwa.

Shemeji akanikumbatia. Alikuwa ametoka kupoteza kazi ile ile niliyoililia, na mwili wake ulikuwa mlegevu kama wa mtu aliyeamka sasa hivi. Akaninong'oneza:

"Ulifumba macho, shem."

Akacheka kidogo, bila sumu, akaenda kumpokea dada mkoba.

Nikangoja awaambie watu siri hiyo. Ningemsikia kwenye karakana ya klabu, au dada angenitania, nami ningepata sababu ya kumchukia hadharani. Hakusema.

Nimefundisha mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Wanafunzi wangu huja kula nyumbani, na hakosekani mmoja wa kuuliza siku ile nilitulia vipi. Hapo meza nzima hunigeukia. Nami najibu kama ninavyojibu siku zote: vuta pumzi, mikono ilegee, macho yasiuache mpira.

Shemeji huwa yupo, anamenya chungwa, ganda moja refu lisilokatika.

"Msikilizeni mwalimu," huwaambia.