Rida ya Alifiya

Mjukuu wangu Projestus akinipakia mimi kwenye pikipiki yake ya bodaboda, ananiandaa kama trei ya mayai. Kwanza ananivalisha helmeti, ananikazia mkanda chini ya kidevu na kuuvuta kuhakikisha umeshika. Halafu anainama, anakusanya pindo la kitenge changu na kulibana vizuri lisikaribie tairi. "Bibi, uko sawa?" anauliza. Nikisema niko sawa, anauliza tena. Tukiondoka, kuku wanatupita.

Ndiyo maana nilimsifia. Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na kusifia watu si tabia yangu, waulizeni niliowafundisha. Lakini Projestus ni mtoto wa mwanangu Ansbert, na Ansbert alipofariki kule Bukoba, huyu kijana alikuja kwangu Tegeta na begi moja, tukabaki sisi wawili. Nilimsifia kanisani, nikamsifia gengeni, nikamsifia kwa jirani yangu Alifiya.

Alifiya ni Mbohora, wale Waislamu wenye asili ya Kihindi, mjane kama mimi, ana duka la vifungo na nyuzi mbele ya nyumba yake. Goti lake la kulia linamsumbua, na Jumatatu alitakiwa kuanza kliniki ya mazoezi hospitali ya Mwananyamala. Kwa foleni ya Barabara ya Bagamoyo, ukienda na gari unaweza kukuta wenzako wameshatibiwa na kurudi makwao. "Nenda na Projestus," nikamwambia. "Utasinzia njiani." Alikuwa hajapanda pikipiki maisha yake yote, ila akakubali kwa kuwa nimesema mimi.

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya kliniki, tulikuwa na sala ya jumuiya nyumbani kwa Jenipher, yule anayeuza vitambaa. Baada ya sala, chai ilipokuwa inamiminwa, Jenipher akanisogelea.

"Mwalimu, usinielewe vibaya," alisema. "Yule kijana wako juzi nusura aniue. Kapita katikati ya malori, simu kaichomeka ndani ya helmeti, anaongea na wenzake habari za mpira. Nampiga mgongoni asimame, yeye anadhani namwambia tuwahi."

"Utakuwa ulipanda ya mtu mwingine," nikamjibu.

"Ina stika ya Bikira Maria kwenye tangi."

Stika hiyo niliibandika mimi kwa mkono wangu. Niliweka kikombe chini, nikaaga, nikaondoka hata andazi sijalimaliza. Nilikuwa nimekasirika, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani, nilimkasirikia Jenipher njia nzima.

Projestus alipokuja kula mchana nikamuuliza. Aliapa. "Bibi, mie naendesha vilevile unavyonionaga. Watu wa jumuiya yenu nao wana maneno." Akala ndizi zake, akanishukuru, akatoka. Nilibaki nimekaa pale mezani nikiyageuza yale maneno. Unavyonionaga. Kweli, mimi namwona nikiwa nimepanda mimi. Wengine wote anaowapakia kutwa nzima wanaona mtu gani?

Nikaenda kwa Alifiya nikamweleza kila kitu, pamoja na kile nilichokuwa nimekusudia kufanya. Alicheka mpaka akashika kaunta. Alipomaliza kucheka akasema, "Mwalimu, mie goti bovu ni hili moja tu. Hili lingine nalihitaji." Akaingia chumbani, akarudi na rida.

Rida ndilo vazi la wanawake wa Kibohora: sketi pana, na juu yake mtandio mrefu unaofunika kichwa mpaka kiunoni, una kipande ambacho mtu akitaka anakishusha usoni. Hii ilikuwa ya kijani cha kasuku, yenye lesi nyeupe pembeni. Alinivalisha mwenyewe, akanishushia kile kipande usoni, akarudi nyuma kunitazama.

"Ni vazi la heshima hilo," alisema. "Usilifanyie utani."

"Sina utani wowote," nikasema, na kweli sikuwa nao.

Alifiya ni mrefu kuliko mimi. Sketi ilikuwa inaburuza, nikaishika kwa mkono mmoja mpaka kijiweni. Kosa langu lilikuwa hapohapo, na sikuliona. Nilikuwa nimezoea kwamba pindo langu lina mtu wa kulishughulikia.

Vijana wa kijiweni walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakibishana. Nilimnyooshea kidole Projestus, nikasema kwa sauti ya chini, "Mwananyamala. Hospitali." Nilijua atanitambua. Ninaishi naye. Ananijua kwa kikohozi tu. Lakini hakuniangalia. Aliangalia simu yake, akasema, "Panda, mama," na ile helmeti ya abiria ikabaki inaning'inia kwenye usukani, mahali pa kuonwa na trafiki. Nilipanda nikatanua sketi. Kabla sijakaa vizuri, tukaondoka.

Yesu na Maria. Nilidhani ninamjua mtoto huyu.

Tuliingia barabara kuu bila kusimama, lori likatupigia honi, yeye naye akalipigia. Foleni ilipoanza hakungoja. Alichepuka upande wa magari yanayokuja, akawa anayakwepa moja moja, magoti yangu yakipita karibu na vioo vyao kiasi kwamba ningeweza kujitazama. Simu ikaita. Akaichomeka kwenye helmeti, akaanza kucheka na mtu. Nilimpiga mgongoni. Akaongeza mwendo. Jenipher, nikasema moyoni, nisamehe.

Nilikuwa nimemshika kiunoni kwa mikono yote miwili, kiuno kilekile nilichokipimia sare ya shule. Niliogopa kufa, sitaficha, lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa mbele yangu. Tukigonga kitu, kitaanza na yeye. Wakati huohuo nilitamani kumzaba kofi, na kama si kuogopa kuachia mkono ningemzaba.

Mbele ya daraja, basi likambana pembeni akalazimika kupunguza mwendo, na nashukuru, maana ni hapo nilipohisi mtu ananivuta kwa nyuma. Hakuwa mtu. Pindo la rida lilikuwa limeingia kwenye tairi. Lilivuta mara ya kwanza, likavuta tena kwa nguvu, nikawa natoka kwenye kiti kwenda chini, mikono yangu ikimteleza kiunoni.

"Projestus Ansbert," nikasema. "Simama."

Jiji zima la Dar es Salaam, hakuna mwingine anayemwita hivyo. Kijiweni wanamwita Pro. Alishika breki zote mbili, pikipiki ikaserereka kwenye mchanga, sketi ikachanika, nami nikakaa chini kitako kandokando ya barabara kama mtu anayeuza karanga. Kiganja kilichubuka. Vingine vyote, nilipovijaribu kimoja kimoja, vilikuwepo.

Alikuja mbio, akapiga magoti, akainua kile kipande cha kitambaa usoni mwangu.

"Bibi?"

"Shikamoo iko wapi?"

Mle ndani ya helmeti simu ilikuwa bado inaongea, rafiki yake akiita Pro, Pro, upo? Aliitoa akaizima. Halafu akaanza kulia waziwazi, mwanaume mzima mwenye ndevu, magari yakipita.

"Ningejua ni wewe, Bibi," alisema. "Haki ya Mungu, ningejua ni wewe nisingeendesha vile."

"Najua," nikamwambia. "Ndicho kinachonisikitisha."

Nilitaka kuendelea. Nilikuwa na hotuba nzima, nimeipanga tangu mchana, lakini nilimtazama usoni nikamwona Ansbert, na hotuba ikanipotea. Nikamvuta kichwa nikakiweka begani, juu ya lesi ya Alifiya. "Mimi nina wewe peke yako," nikamwambia. "Kila unayempakia, kuna mtu nyumbani mwenye yeye peke yake. Na wewe upo mbele yao, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kugonga." Kisha akanichomolea ile sketi kwenye tairi, kipande kwa kipande, akaninawisha kiganja kwa maji ya chupa, akachukua helmeti kwenye usukani na kunifunga mkanda. Tulirudi Tegeta kwa mwendo wa msiba.

Nilimpelekea Alifiya rida yake nikamweleza ukweli. Nilimwambia asipande, na nilimwambia mbele ya Projestus, aliyesimama mlangoni ameinamisha kichwa. Alifiya aliikunjua ile sketi kwenye kaunta, akapitisha kidole palipochanika. Hakumgombeza. Alisema tu, "Hapa ningekuwa mie," akaikunja tena. Jumatatu alikwenda kliniki na teksi, akachelewa. Mimi nilikwenda kwa Jenipher, nikala andazi nililoliacha na nikasema nililotakiwa kusema.

Jioni moja Projestus aliniomba kitu. "Bibi, usinifanyie tena vile. Nikimwona mama yeyote kajifunika najiuliza kama ni wewe. Nikimwona aliyevaa helmeti najiuliza. Juzi nimempa shikamoo dada mdogo kabisa, kijiwe kizima kikanicheka."

"Nitafikiria," nikamwambia.

Wenzake walimtania kweli. Walisema Pro ameokoka, Pro anafunga abiria kama anafunga kuku wa kupeleka sokoni. Yeye aliendelea kuwafunga. Jenipher alinilalamikia tena kwenye jumuiya: safari hii alikuwa amepanda naye akachelewa kufungua duka, na kila baada ya matuta akiulizwa kama yuko sawa. "Kijana wako hana saizi ya kati, Mwalimu?" aliuliza. Nilimwongezea chai.

Alifiya alisikia yote hayo akiwa dukani kwake. Halafu Jumatatu moja alfajiri akagonga mlango wangu akaniomba kitenge changu cha akina mama wa kanisani na mtandio wake. Nikamwambia hilo ni vazi la heshima, asilifanyie utani. Akasema hana utani wowote. Nilimfunga mtandio mpaka yakabaki macho, akaondoka akichechemea kidogo kuelekea kijiweni.

Mchana akarudi, akanikabidhi kitenge kimekunjwa vizuri, pindo halina hata vumbi. "Mwalimu," alisema, "nilisinzia."

Projestus alipokuja kula alinawa mikono, akakaa, akanitazama kwa muda kabla ya kugusa chakula.

"Bibi, leo asubuhi nimempakia mama mmoja mpaka Mwananyamala. Kavaa kitenge kama chako, kajifunika uso. Hakuongea njia nzima."

"Uliendaje?"

"Kuku wametupita."

Nikampakulia ndizi, nikamwongezea nyama.

"Alikuwa wewe?" akauliza.

"Kula," nikamwambia. "Chakula kinapoa."