Msalaba wa Nane

Na itangazwe kwa mataifa yote, ya karibu na ya mbali, kwa wenye nishani na wasio nazo, ya kwamba siku ya Jumamosi, saa sita kamili mchana, Chama cha Marafiki wa Nishani wa Bonde la Weser kilikutana katika kikao chake cha mia nne na kumi na mbili, wajumbe wakiwa wametimia na heshima ikiwa imetanda, ili kutoa hukumu ya mwisho isiyo na rufaa juu ya safu ya nishani namba kumi na saba.

Hivyo ndivyo Ortwin Kessemeier, katibu, alivyoandika katika daftari la kumbukumbu. Ukweli ni kwamba wajumbe waliotimia walikuwa watatu. Mmoja, mzee Egbert, alikuwa amelala kidevu kifuani. Wa pili, mwenyekiti Volkhard Niebuhr, alikuwa akisaka miwani iliyokuwa juu ya kipaji cha uso wake. Wa tatu alikuwa Ortwin mwenyewe, na kama uchovu ungetunukiwa nishani, yeye angevaa ya daraja la kwanza. Heshima iliyotanda ilikuwa harufu ya supu ya njegere na makoti yaliyolowa mvua, maana mkahawa wa Dörte hukipa chama chumba cha nyuma, kile kinachofikiwa kwa kupitia jikoni.

"Katibu, mbona unaandika kabla kikao hakijaanza?" Volkhard aliuliza.

"Ili tukianza tuwe tumeshamaliza, mwenyekiti."

"Siku utakayokufa utaandika kumbukumbu za maziko yako mwenyewe."

"Na wewe utafufuka kupinga aya ya pili. Miwani iko kichwani, mzee."

Walikuwa wametaniana hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Lakini tangu Aprili utani wa Ortwin ulikuwa wa mazoea tu, kama mtu anayefunga kamba za viatu huku mawazo yake yako mbali. Kazini, kwenye ofisi ya leseni za magari, alikuwa amemtolea mama mmoja leseni ya trekta wakati yule mama alitaka ya pikipiki. Nyumbani alikuwa akilala kwa saa nane nzima na kuamka amechoka kuliko alivyolala.

Sababu ilikuwa pale mezani, juu ya kitambaa cha kijani. Nishani nane zilipangwa bega kwa bega kwenye bamba moja, kila moja ikining'inia kwenye utepe wake, kama maafisa wa zamani walivyozivaa kifuani siku za gwaride. Jina hakuna. Safu hizi hazina jina kamwe. Mwenyewe alijijua, na mwanawe alimjua, na mjukuu akauza.

Huyu mjukuu, hata hivyo, alinunua. Almut Reinking, mkunga mstaafu wa miaka themanini na minne, aliileta safu ile mwezi wa Aprili ndani ya mfuko wa mkate. Babu yake alikuwa kapteni. Baba yake alikufa vitani kabla yeye hajaweza kutamka "baba", na nyumba yao ya Hannover iliungua usiku mmoja wa mabomu, pamoja na picha, barua na kila karatasi iliyokuwa na jina lao. Lililobaki lilikuwa neno la mama yake: kwamba babu, kabla ya kufa, aliipa zawadi ya nishani zake shule ya bweni aliyosoma, kule juu mtoni. Shule ilipofungwa na mali yake kupigwa mnada, Almut alinunua kabati zima la vioo ili apate kile kilichokuwa ndani.

"Nataka jambo moja tu," alikuwa amesema siku ile. "Kama ni ya babu yangu, basi nina kitu kimoja duniani kilichotoka kwetu. Kama si yake, niambieni, nisiwe kizee anayepangusa vumbi kwenye nishani za mtu asiyemjua."

Volkhard alimwahidi jibu. Ortwin hakumwahidi kitu, kwa sababu wakati ule alikuwa ameshaiona nishani ya nane.

Aliijua. Aliishona yeye.

Alikuwa na miaka kumi na mitano, mwanafunzi wa shule ileile, bingwa wa kuweka chumvi kwenye bakuli la sukari. Kila muhula mwalimu wa historia, Dakta Stüwe, aliwapanga wanafunzi mbele ya kabati la vioo, akanyoosha fimbo yake na kukariri nishani moja baada ya nyingine kana kwamba anasoma ukoo wa manabii. Mwisho wa safu palikuwa na pengo. Moja ilikuwa imeng'oka miaka mingi iliyopita. Ortwin akanunua msalaba wa Lippe, nishani ya utawala mdogo wa zamani, kwenye soko la vitu vikuukuu, akaiba sindano na uzi katika mkebe wa matroni, na Jumapili moja, wenzake wakiwa kanisani, akaliziba pengo. Muhula uliofuata Dakta Stüwe alifika kwenye nishani ya nane, hakusita hata nukta moja, akasema, "Na huu hapa, kama mjuavyo, ni wa Lippe." Wavulana walicheka wiki nzima hadi mmoja akapelekwa zahanati. Halafu likizo ikafika, na hakuna aliyekumbuka kuuondoa.

Alipoiona tena Aprili, jambo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, lilikuwa kicheko. Alijisemea, ngoja nimwone Volkhard akiugundua. Itamchukua wiki. Ule msalaba umekaa pabaya, kipofu atauona.

Na kweli ulikaa pabaya. Afisa wa Prussia alizipanga nishani kwa sheria: kwanza za mfalme wake, kisha za tawala nyingine za Ujerumani, na mwisho kabisa za nchi za kigeni. Ile ya saba ilikuwa ya Austria. Kuweka Lippe, utawala wa Kijerumani, baada ya Austria, ni sawa na imamu kuwageuzia watu kibla. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema: huu umebandikwa.

Lakini watu wa nishani hawana akili timamu. Wana imani.

"Afisa hakosei mpangilio, Ortwin," Volkhard alikuwa amesema mwezi wa Mei, macho yaking'aa. "Hakosei! Angekosea, kamanda wake angemrudisha nyumbani akavae upya. Kwa hiyo huyu alifanya makusudi. Kwa nini? Kwa sababu kwake Austria haikuwa nchi ya kigeni. Tunamtafuta mtu aliyeanzia jeshi la Austria!"

"Au mtu aliyeshona vibaya," Ortwin alijaribu.

"Wewe na mizaha yako."

Basi Volkhard, mwenye nyonga ya chuma na jicho moja lenye mtoto wa jicho, akapanda treni hadi Vienna. Akarudi mikono mitupu. Akapanda tena mwezi wa Julai. Akakopa vitabu vya orodha ya maafisa, vile vilivyochapwa kila mwaka, ambamo pembeni mwa kila jina kuna alama ndogo za nishani zote za mwenyewe, na akavipitia kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, maelfu ya majina. Kila alipompigia simu Ortwin sauti yake ilikuwa imepungua kidogo, na kila mara Ortwin alisema moyoni, leo namwambia, kisha akauliza habari za nyonga.

Mwezi wa Agosti Ortwin aliona mlango wa kutokea. Alipendekeza taa ya zambarau. Uzi wa siku hizi hung'aa chini ya taa ile kama shati jeupe kwenye disko. Uzi wa kale hubaki mweusi. Walizima taa, wakawasha ile, na Ortwin akangoja nishani ya nane iwake na kumwokoa. Haikuwaka. Uzi wa mkebe wa matroni ulikuwa wa pamba, wa zamani kuliko matroni mwenyewe.

"Zote nane ni za asili!" Volkhard alisema gizani, kwa furaha iliyomchoma Ortwin kama sindano ileile.

Sasa mlango ulifunguliwa na Almut Reinking akaingia, akikung'uta mwavuli. Dörte alimfuata na sahani ya keki ya plamu aliyoileta mgeni mwenyewe, maana mkunga hafiki nyumba ya watu mikono mitupu.

"Haya, mabwana, nimekuja kujifungua," alisema akiketi. "Miezi sita imetosha, kichanga kitakuwa njiti lakini kitaishi. Huyu amekufa?"

"Egbert? Huwa hivyo, mama," Ortwin alisema. "Akisikia neno bia atafufuka."

"Mwacheni. Nimewaona wanaume wengi wakilala wakati kazi inaendelea."

Volkhard alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Ortwin alimtazama na kuona jinsi mashavu yalivyombonyea tangu masika.

"Bi Reinking," Volkhard alianza, "nimempata babu yako kwenye orodha. Kapteni Reinking, kikosi cha Minden. Nimefurahi kumpata. Msalaba wa Chuma tuuweke kando, kwenye Vita Kuu ya Kwanza walipewa wote isipokuwa farasi. Lakini Tai Mwekundu anayo. Msalaba wa utumishi anao. Medali ya karne anayo. Ya Oldenburg, ya Braunschweig, ya Austria. Zote, na kwa mpangilio uleule."

Almut aliweka mkono mezani, karibu na kitambaa cha kijani, bila kukigusa.

"Saba," alisema.

"Saba. Na ya nane babu yako alikuwa nayo ya Romania. Hapa ya nane ni ya Lippe. Nimeandika kwenye hifadhi ya nyaraka ya Lippe. Wana daftari la kila aliyepewa msalaba huu, na jina la babu yako halimo. Ingekuwa saba tu, ningekwambia chukua. Lakini safu ni kama alama za kidole, mama. Haiwezi kuwa yake vidole tisa halafu kimoja cha jirani. Ni mtu mwingine, aliyefanana naye sana. Mtu mwenyewe sijampata, na sidhani nitaishi kumpata. Samahani sana."

Jikoni Dörte aliangusha kijiko. Almut aliitazama safu jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha marehemu.

"Hakuna cha kusamehe," alisema. "Umenitendea haki. Nilijua tangu mwanzo kwamba nataka mno, na mtu akitaka mno huona sura ya kwao kwenye kila ukuta." Akavuta kwake mfuko wa mkate, kisha akausukuma tena mezani. "Ibakisheni. Wekeni huko mnakoweka. Kabati nalo nitamuuzia mtu wa kuweka vikombe."

"Kula keki kwanza, mama," Volkhard alisema kwa sauti dhaifu.

"Kuleni nyinyi. Nina basi la saa saba." Alisimama, akatafuta mkono wa koti, akaukosa, akatafuta tena. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ortwin kumwona kama kizee.

Alikuwa amechoka mno. Hiyo ndiyo sababu, wala si ushujaa. Mtu aliyechoka hushindwa kubeba hata uongo wake.

"Lakini mwenyekiti," alisikia kinywa chake kikisema, "huo wa Lippe ukiutoa, hesabu inakaa. Zinabaki saba, na pale mwisho, pale palipokuwa wazi, ndipo mahali pa ile ya Romania. Nchi ya kigeni, baada ya Austria. Mpangilio unatimia."

"Ukiutoa, ndiyo. Hata mimi nikitolewa nyonga nita..." Volkhard alivua miwani polepole, akaiweka mezani. "Umesema palipokuwa wazi."

"Nimesema hivyo?"

"Umesema hivyo. Palikuwa wazi lini, Ortwin? Mimi nimeishika safu hii miezi sita, na sijaona mahali palipokuwa wazi."

Almut alisimama na mkono mmoja ndani ya koti. Egbert alifumbua jicho moja, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chama hakuulizia bia.

Ortwin alilifunga daftari. Katika miaka yake yote ya mizaha hakuwahi kukamatwa. Daima alikuwa na uso wa malaika na jibu mfukoni.

"Nilisoma shule ile," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Pale mwisho palikuwa na pengo, nililiona kwa macho yangu. Msalaba nilinunua sokoni, nikaushona mwenyewe siku ya Jumapili, ili tumcheke mwalimu. Volkhard, yule mtu wako wa Vienna hayupo. Hajawahi kuwepo. Ni mimi." Aligeuka, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Mama, hii ni safu ya babu yako. Ni yake yote, isipokuwa ujinga wangu."

Almut hakulia wala hakuketi. Alimtazama kwa macho ya mtu aliyepokea watoto wa wilaya nzima na kuzijua mbinu zote za baba zao.

"Kosa la mtoto wa miaka kumi na mitano naweza kulisamehe," alisema. "Nina swali moja. Wewe, mtu mzima, umejua tangu lini?"

Ortwin alimwona Volkhard akiinua kichwa. Angeweza kusema tangu wiki iliyopita. Angeweza kusema tangu leo asubuhi, nimekumbuka ghafla.

"Tangu Aprili, mama," alisema. "Tangu siku uliyoufungua huo mfuko wa mkate. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka kucheka, na baadaye nilikaa kimya kwa sababu niliona haya."