Mikono Minne, Kichwa Kimoja

Kiharusi kilimpata wifi yangu akiwa kazini, kitana mkononi. Kitana kilianguka, akainama kukiokota, na mkono wa kulia ukakataa. Mteja alicheka akidhani ni mzaha, maana mimi na wifi tulijulikana kwa utani kabla ya kujulikana kwa kusuka. Yeye ni dada wa mume wangu. Siku niliyoolewa aliniambia chakula changu hakiliki, nami nikamjibu kwamba kaka yake alipata jiko, hakupata mpishi. Tangu siku hiyo hatujaachana. Tulifungua saluni pamoja, chumba kimoja chenye kioo kirefu na viti vitatu, na kila kichwa tulikisuka wawili, yeye upande huu na mimi upande ule.

Alipotoka wodini, ulimi ulikuwa mzito kidogo, mguu unaburuta, na mkono wa kulia umejikunja kama wa mtu aliyeficha peremende. Wauguzi wakatuelekeza kwenye chumba kilichoko mwisho wa veranda ya hospitali, kwa binti mmoja mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Tulimwita Dokta, akasema yeye si daktari, tukaendelea kumwita hivyo hivyo.

"Kazi yangu," alituambia, "ni kumrudisha mtu kwenye yale yanayojaza siku yake."

Maneno hayo yalinipendeza. Kilichofuata hakikunipendeza. Kwenye kona ya chumba palikuwa na jiko dogo, sufuria ndogo na kikombe kimoja. Wifi alitakiwa achemshe chai peke yake, bila kusaidiwa, huku Dokta akiandika. Alitazama kile kikombe, akanitazama mimi niliyekaa mlangoni.

"Wifi, njoo shika sufuria."

"Asikusaidie," Dokta akasema kwa upole. "Nataka nione unavyojimudu."

"Nami ninywe peke yangu, yeye akinikodolea macho? Chai ya mtu mmoja ni chai ya mtu mgomvi."

Akakaa. Hakugusa hata kiberiti. Kwenye kuvaa ikawa vilevile: alipofika kwenye vifungo vya mgongoni alinigeuzia mgongo kama alivyozoea, na Dokta akaandika tena. Mwisho wa kipimo alama zake zilikuwa chini kabisa.

Nilitegemea Dokta atakasirika. Badala yake aliweka kalamu chini akauliza, "Mama, siku yako wewe inajazwa na nini?"

Wifi hakusita. "Nywele. Kuna binti wa jirani anaolewa mwezi ujao. Niliahidi kumsuka kabla mkono huu haujanigeuka."

Dokta alieleza kwamba kusuka kunataka vidole kumi vyepesi, na kwamba vya wifi vingechelewa kurudi, pengine visirudi vyote. Mafunzo yake yalimwelekeza aanze na mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya peke yake.

"Peke yangu sijawahi kusuka," wifi akamwambia. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Wifi," nikamnong'oneza, "neno chawa halitajwi na mtu mwenye saluni."

Dokta alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akafunga daftari lake. Akauliza saluni yetu iko wapi.

Alikuja siku yake ya mapumziko, akakaa kwenye kiti cha pembeni akatazama tu. Nilikuwa namsuka mteja, na wifi amekaa karibu, akielekeza kwa kidevu. Huwezi kuujua usukaji wetu mpaka uuone. Yeye ndiye anayeuona mchoro wote kichwani kabla haujawepo. Mimi nina kasi ya vidole, lakini ukiniacha mwenyewe njia zangu zinakwenda kombo kama za mbuzi. Bila kufikiri, wifi alichukua kitana kwa mkono wa kushoto, akapasua njia kwa mkia wa kitana hicho, na mimi nikaifuata. Kisha akainua ule mkono mgonjwa kwa ule mzima, akauegemeza juu ya fungu la nywele ili lisinichanganye. Ukabaki pale. Fungu halikuteleza.

Dokta alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Anafanya kazi," akasema. "Mikono hii minne inafanya kazi moja, na mimi nilikuwa napima miwili tu."

Kuanzia hapo sikupata nafasi ya kupumua. Alipima urefu wa kiti cha mteja, akakishusha, ili kiwiko cha wifi kipate pa kuegemea na bega lisiume. Alikunja taulo akaliweka chini ya mkono. Alizungushia mpini wa kitana kipande cha mpira wa baiskeli mpaka ukanenepa, akamfundisha wifi namna ya kuvifungua vidole vyake taratibu, kuanzia gumba, asivivute kwa nguvu. Yeye alijua mkono, sisi tulijua kichwa. Kila alipokuja tuligombania mambo, na kila alipoondoka kulikuwa na jambo jipya limewezekana. Siku wifi aliposhika kibanio cha nywele kwa mkono wa kulia na kukibana mwenyewe, mteja aliyekuwa kitini alipiga makofi ingawa kilikuwa kimembana sikio.

Mkuu wa kitengo chao akasikia. Ni mzee mwenye miwani, si mtu mbaya, ila anapenda mambo yake yanyooke. Alituita.

"Kipimo kinasema huyu mama bado tegemezi," akasema. "Hata kuvaa anasaidiwa."

"Kipimo kilitungwa mbali na hapa," Dokta akamjibu. "Kilitungiwa watu ambao mtu mzima kwao ni yule asiyehitaji mwenzake. Labda kwao kinafaa. Sisi tulikipokea kama kilivyo, tukaanza kuwafundisha watu kuishi kama hawana ndugu."

Mzee akanigeukia. "Wewe ndiye unayemfunga vifungo?"

"Ndiyo, baba. Na yeye alikuwa akinifunga vyangu tangu nilipoolewa. Kama huo ni ugonjwa, basi nilianza kuumwa mimi."

Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Nitakuja kuona mkimsuka huyo bibi harusi wenu," akasema. "Nikiona ni mchezo, tutarudi kwenye sufuria."

Siku ya kusuka, saluni ilijaa hadi barazani. Mama wa bibi harusi alipoona mkono wa wifi alinivuta kando. "Huyu ndiye atakayemshika mwanangu?" Kabla sijajibu, bibi harusi alikuwa amekwisha kaa kitini, shingo imenyooka. "Mama, aliniahidi yeye."

Tukaanza. Wifi alipasua njia ya kwanza kutoka paji la uso, ikazunguka sikio kama mto, nikaiingia mbio. Alichora, nikasuka, alishikilia, nikafunga. Katikati ya kazi mkono wa kulia ulichoka ukaanza kutetemeka. Wifi akafumba macho, akavifungua vidole kuanzia gumba kama alivyofundishwa, akaurudisha mahali pake. Dokta, mlangoni, alikuwa ameshika mkono wa mzee wa miwani bila kujijua, na mzee wa watu akauacha ushikwe.

Bibi harusi alijitazama kwenye kioo. Aligeuza kichwa huku, akageuza kule, kisha akauchukua ule mkono wa kulia wa wifi akauweka shavuni. Mama yake ndiye aliyepiga vigelegele, na baraza lote likamwitikia.

Mkono haujarudi wote. Kukiwa na baridi, vidole bado vinajikunja. Lakini Jumatatu iliyofuata Dokta alituletea fundi cherehani aliyepatwa na kiharusi mkono wa kushoto, pamoja na mkewe, ambaye ndiye anayekanyaga mashine. Mkuu amekubali wapimwe wote wawili kwa pamoja, wakiwa kazini kwao. Wifi alimtazama yule fundi juu hadi chini, akamsogezea kiti.

"Karibu," akamwambia. "Hebu tuonyeshe, nyumbani kwenu nani hushika kitambaa na nani hukata?"