Mwizi wa Mtandao

Siku kitinda mimba wake alipoolewa ng'ambo, mama alivaa tangu asubuhi. Alivaa gauni la zari, viatu vya kubana na mkufu wa kuazima kwa dada yake, akakaa sebuleni mbele ya kompyuta, ameganda kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Ndoa ilikuwa saa kumi, kwa msajili, na yeye na mumewe wangeiona humo humo kiooni. Kompyuta yenyewe haikuguswa tangu binti alipomaliza likizo yake mwezi uliopita. Ilikaa imefunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti wa heshima.

Sasa imefunuliwa, na kiooni hakuna binti. Kuna pembetatu ya njano na maneno matatu: Muunganisho una mipaka.

"Unaona?" mumewe alisema. "Si nilikwambia yule kinyozi kavuka mipaka?"

Mzee huyu alistaafu kazi ya bohari, lakini tangu siku aliyoiponya redio kwa kuizaba kofi, alijiita fundi. Na fundi wa namna hiyo hakosi mgonjwa. Alizima kompyuta, akaiwasha. Akakizima kile kisanduku cha mtandao chenye vitaa, akakiwasha, akakigeuzia dirishani kipate hewa. Akachomoa friji, ati linavuta mtandao. Kisha akamgeukia mkewe.

"Vua mkufu."

"Umekukosea nini?"

"Chuma, mama. Chuma kinakatiza mawimbi."

"Basi anza wewe na meno yako ya bandia, baba watoto. Yana waya mpaka kwenye ufizi."

Meno hayakutoka. Aliyetoka ni mwenyewe, mpaka barazani, akamfokea kinyozi ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wao.

"Mwizi wa mtandao! Mwezi uliopita nilikufukuza, leo umerudi!"

Kinyozi alikuja mbio, mashine mkononi, akamfuata mzee mpaka sebuleni, na nyuma yake mteja aliyekwisha kunyolewa upande mmoja.

"Mzee wangu, mtandao niuibe wa nini? Wa kunyolea?"

Siku nyingine mama angecheka mpaka ashike mbavu. Leo saa ya ukutani ilimkazia macho. Mtoto aliyembeba tumboni na mgongoni anaolewa kama yatima, na wazazi wapo, wanagombana na kinyozi. Wanja ulianza kumteremka.

Simu yake ya vitufe ikalia.

"Mama, mbona siwaoni? Msajili anaanza kuguna."

"Baba yako yuko kwenye matibabu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anatibu."

Binti akavuta pumzi. "Weka sauti kubwa. Baba, nilipokuja likizo uliazima simu yangu, hii inayoongoza mtandao wa hapo nyumbani, ukafungia mtu. Ulimfungia nani?"

"Mwizi!" Mzee alitanua kifua. "Nilimwona kwenye orodha ya wanaotumia mtandao wetu, nikabonyeza Zuia. Jina lake ninalo kichwani: KP, saba saba, nne, tisa."

"Baba, hilo ni jina la mtu?"

"Ndiyo maana nikamshuku!"

"Mama, fungua mipangilio, hapo juu pameandikwa jina la kompyuta. Nisomee."

Mama akavaa miwani, akabonyeza, akainama. Alisoma polepole, kama anayeonja uji wa moto.

"KP. Saba saba. Nne. Tisa."

Mteja wa nusu kichwa akakohoa.

"Baba," binti alisema, "umeifukuza kompyuta yako mwenyewe."

Mzee akaitazama kompyuta kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa. "Sasa yenyewe si ingejitambulisha?"

Huko ng'ambo, bibi harusi akampa msajili maua amshikie, akaipekua simu yake, akamfungulia mwizi. Pembetatu ikatoweka. Binti akajaa kiooni, mweupe kwa shela, meno yote nje, na mama akasahau viatu.

Viti vya mbele vilikuwa viwili. Mama akakipapasa cha pili.

"Kinyozi, mwanangu, njoo ukae. Umetukanwa bure, angalau ule harusi kwa macho."

Kinyozi akakaa, mashine mapajani. Mzee akatafuta pa kuweka mwili, akaishia nyuma, bega kwa bega na yule mteja.

"Mama, upo?" binti aliuliza.

"Nipo, mwanangu. Nakuona mpaka pua."

"Na mwizi yupo?"

Kando ya kichwa kilichonyolewa nusu, mkono mmoja ukainuka polepole.